Dawa za Kuzuia Estrojeni Hazikutengenezwa Kukausha Maji Mwilini

Pete uliyoivaa jana bila shida leo inagoma kupita kwenye kiungo cha kidole. Soksi zimeacha mistari miguuni, mizani imepanda kilo moja na nusu, na chakula ni kilekile. Mwanamke yeyote anayefuatilia uzito wake anaijua asubuhi ya namna hii. Wengi huiacha ipite, na baada ya siku mbili tatu maji hutoka yenyewe. Lakini kwa wanawake wanaojiandaa kupanda jukwaani kwenye mashindano ya kujenga mwili, na siku hizi hata kwa wanaofanya mazoezi kwa ajili ya afya tu, kuna ushauri unaopita mdomo kwa mdomo: tafuta dawa ya kuzuia estrojeni, meza kwa wiki moja au mbili, mwili utakauka.

Hoja inayobeba ushauri huo ni fupi. Estrojeni, homoni kuu ya kike, hushika maji. Kuna dawa zinazozuia estrojeni. Basi dawa hizo zitaondoa maji. Sentensi ya kwanza ina ukweli ndani yake, ya pili nayo ina ukweli, na ndiyo sababu watu wenye akili timamu huikubali ya tatu bila kuihoji. Kosa limejificha katikati, pale hoja inapochukulia kwamba mwili wa mwanamke utakaa kimya homoni yake kuu ikiguswa. Haukai kimya, na yanayofuata baada ya hapo ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Estrojeni inayashikaje maji?

Mwanamke mwenye kilo 60 amebeba takriban lita 30 za maji. Theluthi mbili hivi zimo ndani ya seli, na yanayobaki yamo kwenye damu na katika nafasi zilizo kati ya seli. Kazi ya kupima kiasi gani kibaki na kiasi gani kitoke ni ya figo, nazo hupokea maagizo kutoka kwa homoni kadhaa. Vasopresini, inayotoka ubongoni, huziambia zirudishe maji badala ya kuyaacha yawe mkojo. Aldosteroni, inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, huziambia zibakize chumvi, na chumvi inapobaki maji hubaki nayo.

Estrojeni huingia kwa milango miwili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Nina Stachenfeld na wenzake walionyesha kwamba estrojeni inapopanda, ubongo huanza kutoa vasopresini na kuamsha kiu mapema zaidi, damu ikiwa bado haijakolea chumvi kama siku nyingine. Mlango wa pili ni ini. Estrojeni hulifanya litengeneze kwa wingi protini iitwayo anjiotensinojeni, ambayo ndiyo mwanzo wa mnyororo unaoishia kwenye aldosteroni.

Kwa hiyo uhusiano upo. Ila estrojeni haimwagi maji mwilini bila kikomo. Inachofanya ni kuisogeza alama ambayo mwili unailinda, kisha mwili unailinda alama hiyo mpya kwa umakini uleule wa mwanzo. Tena haiko peke yake. Projesteroni, homoni inayotawala nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, hushindana na aldosteroni kwenye figo na kuzifanya ziachie chumvi. Mwili nao hujibu kwa kuongeza aldosteroni. Mzunguko mmoja wa hedhi ni mvutano wa siku zote kati ya nguvu hizi, na hakuna hata moja inayoweza kutajwa kama mwenye kosa.

Mwaka 2011 watafiti nchini Kanada walichapisha uchunguzi unaostahili kujulikana zaidi. Wanawake 62 waliandika kila siku, kwa jumla ya mizunguko 765 ya hedhi, jinsi walivyojihisi kujaa maji. Kilele kilikuwa siku ya kwanza ya kutoka damu. Katika siku hiyo estrojeni na projesteroni zote mbili zimeshashuka. Na watafiti walipotafuta uhusiano kati ya viwango vya homoni hizo na kujaa maji, hawakuupata. Yaani mwanamke anayemeza kidonge cha kuzuia estrojeni asubuhi ile anapojihisi amevimba kuliko siku zote, mara nyingi anaifukuza homoni ambayo siku hiyo haipo kwa wingi.

Familia mbili za dawa

Jina "dawa za kuzuia estrojeni" linafunika makundi mawili yenye tabia tofauti, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Kundi la kwanza lina tamoksifeni, inayojulikana pia kwa jina la Nolvadex, klomifeni, ambayo wengi huiita Clomid, na raloksifeni. Hizi haziipunguzi estrojeni. Hukaa kwenye vipokezi vyake, kama mtu aliyeingiza ufunguo wake kwenye kitasa ili wa mwenzake usiingie. Shida ni kwamba ufunguo huo haufanani kila mahali. Kwenye titi tamoksifeni huziba tu, na ndiyo maana imeokoa maisha ya wanawake wengi wenye saratani. Kwenye mfuko wa uzazi, kwenye ini, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hata kwenye mifupa, ufunguo huohuo huzunguka na kufungua, dawa ikawa kama estrojeni yenyewe. Kumbuka kwamba ini ndilo mlango mmojawapo ambao estrojeni huutumia kushika chumvi. Na ukisoma kijikaratasi cha maelezo ya tamoksifeni, utakuta kubakiza maji mwilini kumeorodheshwa miongoni mwa madhara yanayotokea mara nyingi. Dawa inayomezwa ili kuondoa maji inaonya, kwa maandishi yake yenyewe, kwamba inaweza kuyaongeza.

Kundi la pili ni anastrozoli, letrozoli na eksemestani, ambazo kwenye maboksi husomeka pia Arimidex, Femara na Aromasin. Hizi hulenga kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, kinachobadilisha testosteroni na homoni nyingine za jamii hiyo kuwa estrojeni. Zilitengenezwa kwa ajili ya wanawake waliokwisha koma hedhi wenye saratani ya matiti. Kwao ovari zimestaafu, na estrojeni kidogo iliyobaki hutengenezwa kwenye mafuta, misuli na ngozi. Kidonge kimoja cha letrozoli kwa siku kinaweza kuzima zaidi ya asilimia 98 ya kazi hiyo. Hata hivyo kuvimba miguu na mikono kumo kwenye orodha ya madhara ya dawa hizi pia.

Ovari hujibu

Fikiria tangi la maji lenye boya. Kiwango kikishuka, boya linashuka, koki inafunguka, maji yanaingia. Ukitoboa tangi chini, koki haifungwi kwa kukuhurumia. Inafunguka zaidi.

Mwanamke ambaye bado anapata hedhi ana boya la namna hiyo ubongoni. Sehemu iitwayo haipothalamasi, pamoja na tezi ya pituitari iliyo chini yake, hupima estrojeni saa zote. Ikionekana imepungua, au vipokezi vikizibwa na ubongo ukadhani imepungua, pituitari hutuma homoni za kuzisukuma ovari zikuze vifuko vya mayai. Vifuko hivyo ndivyo viwanda vya estrojeni. Kwa hiyo mwanamke mwenye ovari hai akimeza tamoksifeni, estrojeni katika damu yake inaweza kupanda mara kadhaa ya ilivyokuwa. Akimeza letrozoli au anastrozoli, hushuka kwanza, kisha ovari husukumwa kwa nguvu, na mara nyingi mvutano huo huishia kwa ovari kushinda.

Historia ya dawa zenyewe inasimulia jambo hili vizuri. Tamoksifeni ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika kampuni ya ICI nchini Uingereza. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiwaza saratani. Walitafuta kidonge cha kuzuia mimba, na kwa panya kilifanya kazi hiyo. Kwa wanawake kilifanya kinyume chake: mayai yalipevuka. Ilibidi dawa itafutiwe matumizi mengine, na mwaka 1973 Uingereza ikaidhinisha itumike kutibu saratani ya matiti. Marekani ilifuata mwaka 1977.

Letrozoli imepita njia inayofanana. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 750 waliokuwa na tatizo la ovari zenye vifuko vingi na waliokuwa wakitafuta mtoto. Waliopewa letrozoli, asilimia 27.5 walijifungua watoto hai. Waliopewa klomifeni, asilimia 19.1. Leo letrozoli ni chaguo la kwanza la madaktari wengi wa uzazi wanapotaka kuliamsha yai la mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki.

Sasa weka picha hizi mbili pamoja. Kwenye chumba cha daktari, kidonge hiki hutolewa ili mwanamke apate mimba. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha jimu, kidonge hichohicho hutolewa ili maji yatoke kabla ya mashindano. Ovari hazijui mwenye mwili amekusudia nini.

Hapa ndipo ninapoona hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Mwanamke anayejinyima chakula kwa miezi mara nyingi hedhi yake imesimama. Anaamini hawezi kushika mimba, na huenda ameacha kujikinga. Anameza dawa inayoamsha yai. Yai hupevuka kabla ya hedhi kurudi, kwa hiyo hakuna dalili ya kumwonya. Anaweza kuwa mjamzito wiki kadhaa huku akiendelea kumeza dawa ambazo maelezo yake yote yanasema zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Daktari wa uzazi hutoa letrozoli kwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, ili dawa iwe imetoka mwilini kabla mimba haijajishika. Anayemeza bila usimamizi hana kinga hiyo. Tamoksifeni ndiyo mbaya zaidi kwa upande huu, kwa sababu huchukua siku tano hadi saba kupungua kwa nusu mwilini, na zao kuu ambalo ini hulitengeneza kutokana nayo huchukua kama wiki mbili. Wiki nyingi baada ya mashindano kwisha, bado imo.

Mimba isipoingia, ovari zilizosukumwa zinaweza kubaki na vifuko vikubwa vilivyojaa maji. Tumbo la chini huuma na hujaa, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha tumbo lililokusudiwa. Mara chache ovari iliyokua hivyo hujinyonga kwenye mshipa wake, maumivu yakaja ghafla kama kisu, na hapo ni upasuaji wa dharura.

Madaktari wa saratani wanalijua boya hili kwa miaka mingi. Mgonjwa ambaye bado anapata hedhi hawampi anastrozoli au letrozoli peke yake. Kwanza huzinyamazisha ovari kwa sindano kama ya goserelini, au kwa kuziondoa. Wenye uzoefu mkubwa zaidi wa dawa hizi hawathubutu kuzitoa kwa namna ambayo zinatolewa jimu.

Ushauri uliokopwa kutoka kwa wanaume

Nikiutafuta mzizi wa jambo hili, naufikia kwenye mwili wa kiume. Mwanamume anayejidunga testosteroni nyingi ili kukuza misuli huwa na ziada ambayo aromatesi yake huigeuza kuwa estrojeni. Matiti yake huanza kuota, na mwili hubakiza maji. Akizuia aromatesi, au akiziba vipokezi vya matiti, dalili hizo zinaweza kupungua. Hilo halifanyi dawa hizo kuwa salama kwake; nalitaja ili ieleweke kwa nini watu waliona matokeo. Chanzo cha estrojeni kwake ni sindano, na hana ovari za kujibu.

Ushauri huo ukahamishiwa kwa wanawake bila mtu kuuliza kama mwili ni uleule. Na kwa wale wanawake wanaotumia pia homoni za kiume, kuiondoa estrojeni huziacha homoni hizo zikitawala peke yake. Sauti ikishakuwa nzito hairudi.

Nyongeza ndogo kwa wanamichezo: WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, limezikataza familia zote mbili kwa wanaume na wanawake, msimu wa mashindano na nje yake.

Kinacholipwa

Damu kuganda ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi kwa tamoksifeni, kwa sababu inaua haraka. Jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 1998, lenye wanawake 13,388, lilionyesha kwamba waliotumia tamoksifeni walipata donge la damu kwenye mapafu takriban mara tatu ya wasiotumia. Jaribio hilohilo lilionyesha saratani ya utando wa mfuko wa uzazi ikiongezeka kama mara mbili na nusu. Haki idaiwe: ongezeko hilo lilikuwa hasa kwa waliozidi miaka 50, na walimeza kwa miaka, si kwa wiki. Kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa ya saratani ya matiti, dawa hiyo ilipunguza karibu nusu ya saratani za aina hiyo, na hasara iliweza kupimwa dhidi ya faida. Anayemeza kwa ajili ya maji anaweka nini upande wa pili wa mizani? Tena mara nyingi anaongeza dawa za kukojosha na kujinyima maji, na damu iliyokauka huganda kwa urahisi zaidi.

Upande wa letrozoli na wenzake, mifupa ndiyo inayotangulia kuumia. Estrojeni huzizuia seli zinazokula mfupa. Ikiondoka, seli hizo hula bila mipaka. Katika jaribio lililowalinganisha wanawake 9,366 waliokoma hedhi wenye saratani ya matiti, waliopewa anastrozoli walivunjika mifupa kwa asilimia 11, na waliopewa tamoksifeni kwa asilimia 7.7, baada ya takriban miaka mitano na miezi minane. Hiyo ni miaka, na mtu atasema yeye atameza wiki mbili tu. Nami nitamjibu kwamba wiki mbili hurudiwa kabla ya kila shindano na kila picha, na msichana wa miaka 22 bado anaijenga akiba ya mfupa atakayoitegemea akiwa na miaka 60.

Viungo huuma. Kwa baadhi ya uchunguzi, karibu nusu ya wanaotumia kundi hili la pili walilalamikia vidole, magoti na viwiko, na asubuhi mikono hukaza kama ya mtu mzee. Kwa mtu anayenyanyua vyuma hilo si jambo dogo. Kuna joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, usingizi unaokatika, ukavu ukeni, hamu ya tendo la ndoa inayopotea, huzuni isiyo na sababu. Tamoksifeni inaweza pia kujaza mafuta kwenye ini na, kwa nadra, kuharibu retina au kuleta mtoto wa jicho. Klomifeni ina tabia ya kuleta ukungu na mimweko machoni. Mtu akiona hivyo aache mara moja.

Kuna pia mwingiliano na dawa nyingine, na hapa nitapita haraka. Dawa za sonona kama paroksetini na fluoksetini huzuia tamoksifeni isigeuzwe ini kuwa ile inayofanya kazi. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni vikichanganywa na dawa hizi hupigana navyo, na kwa tamoksifeni huongeza hofu ya damu kuganda. Zaidi ya yote, dawa zinazouzwa bila cheti, hasa za maji kwenye chupa zisizo na nembo ya kueleweka, huwezi kujua ndani mna nini wala kiasi gani.

Kama tayari umekauka

Mwanamke aliyebakiza wiki mbili kabla ya kupanda jukwaani amekula kidogo kwa miezi. Mafuta yamepungua sana, na ubongo umeshaamua kwamba hakuna chakula cha kutosha kulea mimba. Umezizima ovari wenyewe. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikieleza jinsi inavyogusa mifupa, moyo, kinga na akili. Estrojeni ya mwanamke huyo inaweza kuwa imeshuka karibu na ya aliyekoma hedhi. Dawa inaletwa kuzuia kitu ambacho hakipo, na mifupa ambayo tayari ina njaa inapokea pigo la pili.

Mbona basi bado anajiona amevimba? Jibu mojawapo lilipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, ambako mtafiti Ancel Keys aliwafuatilia wanaume 36 waliojitolea kushinda na njaa mwaka 1945. Kwa wiki 24 walikula takriban nusu ya chakula chao cha kawaida na kupoteza karibu robo ya uzito. Wengi wao walivimba: miguu, vifundo, nyuso. Walikuwa wanaume, wenye estrojeni ya wanaume. Njaa yenyewe hubakiza maji. Kwa hiyo maji anayoyaona kwenye kioo huenda ni mwili unaolalamika kwamba umenyimwa mno, na dawa inaunyamazisha mlalamikaji asiyehusika.

Jambo la misuli nalo halisemwi wazi. Watu huzungumzia "maji ya chini ya ngozi" kana kwamba yana bomba lake. Hayana. Ukiyatoa maji kwa nguvu yatatoka kwenye damu na kwenye misuli pia, na msuli ni maji kwa takriban robo tatu. Wanga uliohifadhiwa msulini, glaikojeni, hukaa na maji kama gramu tatu kwa kila gramu moja. Ndiyo maana anayeacha wanga ghafla hupoteza kilo mbili kwa siku chache, na ndiyo maana misuli yake huonekana imenywea.

Maji yanapojaa kweli

Kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache ni kazi ya kawaida ya mwili wenye afya. Mlo wenye chumvi nyingi, mazoezi magumu yaliyoacha misuli na maumivu, safari ndefu ya kukaa, usingizi haba, siku zinazotangulia hedhi: vyote hivi hubakiza maji kisha huyaachia. Anayepima uzito kila siku angelinganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, tena wiki zilizo sehemu ileile ya mzunguko wa hedhi. Kutembea, kuinua miguu jioni, kupunguza chumvi bila kuikata kabisa na kunywa maji kwa kawaida husaidia zaidi ya watu wanavyotarajia.

Dawa za kila siku zichunguzwe. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wa mazoezi humeza kama peremende, hubakiza chumvi. Amlodipini ya shinikizo la damu huvimbisha vifundo. Prednisoloni hujaza uso. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango hufanya hivyo pia, na mtoa huduma anaweza kubadilisha aina. Uvimbe unaokaa wiki baada ya wiki, unaobonyea ukiubonyeza na shimo likabaki, au unaokuja na uchovu na kukosa pumzi, unahitaji vipimo vya figo, moyo, ini na tezi ya thairoidi. Kuuficha uvimbe wa namna hiyo kwa dawa ya kuazima ni kuchelewesha jibu.

Mwanamke anayetumia tamoksifeni, letrozoli au dawa yoyote ya jamii hii kwa sababu ya saratani ya matiti asiache hata kidonge kimoja kwa kusoma haya. Kwake hesabu ni nyingine kabisa, na kama madhara yanamsumbua, anayetakiwa kuyasikia ni daktari wake.

Aliyemeza kwa ajili ya maji aache, apime mimba hata kama hedhi imekuwa haionekani, na ajikinge kwa kondomu kwa miezi kadhaa kama ilikuwa tamoksifeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika, kifua kikichoma, upande mmoja wa mwili ukilegea, macho yakibadilika au tumbo la chini likiuma kwa ghafla na kwa ukali, asisubiri kukuche. Aende hospitali usiku huohuo na aseme ukweli wote: jina la dawa, amemeza ngapi, kwa siku ngapi, na alichanganya na nini. Wahudumu wa zamu wakiona msichana mwenye afya anayehema hawatawaza kwanza dawa ya saratani. Kama jina halikumbuki, abebe boksi au chupa yenyewe.